TAHARIRI: Rubani wa Bosi Naye ni Mfanyakazi

 

Mmezoea kutusoma tukiandika kuhusu bei ya kokoa, pembejeo za mpunga na barabara za vijijini. Leo tunaandika kuhusu marubani, tena marubani wa ndege ndogo za matajiri. Tunajua wapo watakaocheka: "Jamani, sisi hata nauli ya Coaster ya kwenda Mbeya ni shida, nyie mnatuletea habari za watu wa angani?" Vumilieni kidogo.

Kilichotusukuma ni msiba. Kuna bibi yetu mmoja alizikwa huku Ipinda. Mjukuu wake, ambaye bibi huyo alimsomesha kwa kokoa, hakuonekana. Ng'ombe wakachinjwa, watu wakalala matangani, kijana hayupo. Wazee wakaanza kunung'unika: "Ndege anaendesha yeye mwenyewe, kufika kuzika anashindwaje?" Alifika siku ya nne, udongo wa kaburi umeshakauka. Tulikaa naye chini ya mwembe akatueleza, kwa masharti kwamba hatutataja jina lake wala la kampuni, kwa sababu mkate wake uko huko.

Anarusha ndege binafsi ya kampuni moja. Siku taarifa ya msiba ilipomfikia, aliambiwa akae karibu na simu, bosi huenda akasafiri. Akakaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bosi hakusafiri. Na kwa kuwa mkataba wake unalipa posho kwa saa za kuruka tu, zile siku tatu za kukaa na begi mlangoni hazikuingia popote kwenye hesabu.

Sasa hapo ndipo habari ya rubani inapokuwa habari yetu sote.

Safari ya kufika kwenye kiti

Watu wengi wanamwona rubani akiwa ameshavaa mistari begani. Hawajui alipotokea. Ili upate leseni ya biashara ya urubani, hesabu inayotumika karibu dunia nzima ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi ya mfululizo. Kila saa ya ndege ya mafunzo inalipiwa mafuta, mwalimu na matengenezo. Kwa leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu mtu kuwa kepteni wa ndege kubwa za abiria, zinatakiwa saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna shimo, na vijana wengi wa maskini wanazama humo. Kila mwajiri anataka mwenye uzoefu, na uzoefu huupati bila mwajiri.

Ndio maana utamkuta kijana mwenye leseni halali ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, yuko nyumbani mwaka mzima anaombaomba nafasi ya kukaa kiti cha kulia kwenye ndege ya kupeleka watalii mbugani. Akiambiwa afanye kwa posho ya chakula, anakubali. Akiambiwa asaini chochote, anasaini. Mtaani tunamwita deiwaka: leo yupo, kesho hayupo, na gari si lake. Tofauti ni kwamba deiwaka wa daladala hakuuza shamba la baba yake ili apate leseni.

Haya mambo ya kuuza shamba si maneno ya jukwaani. Mtoto wa tajiri akitaka urubani anapelekwa Afrika Kusini au Marekani. Mtoto wa mkulima wa Kyela anategemea kokoa, ng'ombe na michango ya ukoo. Tunakiri kwamba Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeanza kujenga mafunzo ya urubani hapa nchini, na zimenunuliwa ndege za mafunzo aina ya Cessna. Hilo ni jema na tunalisema bila kinyongo. Ila chuo bila mkopo unaolingana na ada ya kozi ni duka la vioo kwa mtoto wa maskini: anaona vilivyomo ndani, mlango haufunguki.

Ndege ya bosi au ndege ya abiria?

Tuwe wakweli, kazi ya ndege binafsi ina utamu wake. Ndege ni nzuri, abiria ni wachache, na unaweza kuona miji ambayo rubani wa ndege za ratiba haioni. Kuna mabosi wanaolipa vizuri na kwa wakati, na kijana anaweza kukaa kwenye jeti mapema kuliko mwenzake aliyepanga foleni kwenye shirika kubwa.

Lakini pima na upande wa pili. Rubani wa shirika la ndege ana ratiba. Anajua mwezi huu lini yuko kazini na lini yuko nyumbani. Ana foleni ya kupanda cheo, na kwa kawaida ana wenzake wengi wa kusimama nao. Rubani wa bosi ratiba yake ni simu ya bosi. Wenzake ni mmoja au wawili. Akilalamika, analalamika peke yake, na kesho yake huenda asiitwe. Bosi akifilisika, akigombana na wabia au akiamua kuuza ndege, ajira imekwisha siku hiyohiyo. Na kile kibali cha kurusha aina ile ya ndege, alichokipata kwa gharama kubwa, hakimsaidii kama hapa nchini hakuna mwingine mwenye ndege ya aina hiyo.

Na msidhani shirika la ratiba ni ngome. Fastjet ilikuwa ikitua Songwe, watu wa kwetu wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2018 ikasimama. Abiria walilia nauli zao, lakini nani aliuliza habari za wafanyakazi wake?

Juu ya yote kuna afya. Rubani wa biashara anapimwa kila mwaka, na umri ukisogea anaweza kutakiwa kupimwa kila miezi sita. Moyo ukigoma, sukari ikipanda au macho yakififia, leseni inasimama. Mwalimu akivunjika mguu anarudi darasani na magongo. Rubani akipoteza cheti cha afya akiwa na miaka 38, amepoteza taaluma nzima. Kwa hiyo ukisikia mshahara wa rubani ukaona mkubwa, kumbuka kwamba ndani yake kuna deni la masomo na bima ya kesho ambayo hana.

Mkataba wa kufungwa miguu

Kuna jambo moja ambalo kijana wetu alilisema kwa sauti ya chini. Alipoajiriwa, kampuni ilimlipia kozi ya aina ile ya ndege. Akasaini kwamba akiondoka kabla ya miaka kadhaa atarudisha gharama yote. Hatupingi mwajiri kulinda hela yake. Aliyelipia kozi ana haki ya kutumikiwa kwa muda fulani.

Tunachopinga ni mkataba usio na kipimo. Chukua mfano wetu wa kubuni: kozi imegharimu milioni 60, mkataba ni miaka mitatu. Kijana ametumikia miaka miwili, halafu anaondoka. Kwa akili ya kawaida amebakiza theluthi moja, yaani milioni 20. Mkataba unaomdai milioni 60 zote ni mtego. Na rubani aliyenaswa kwenye mtego hawezi kumwambia bosi "leo hali ya hewa haifai" kwa ujasiri uleule wa rubani aliye huru.

Hapo ndipo mshahara unapokuwa usalama. Hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwemo, 19 wakafariki, marubani wote wawili miongoni mwao. Waliofika mwanzo kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, watu kama wavuvi wetu wa Matema. Hatusemi ajali ile ilitokana na mshahara, hatuna ushahidi huo na hatutawasingizia marehemu. Tunasema hivi: rubani anakaa mbele, anatangulia. Anapofanya uamuzi mgumu angani, kichwani mwake kusiwe na deni, njaa wala hofu ya kufukuzwa.

Serikali inajua kununua ndege

Upande wa kununua ndege, serikali ya CCM haijawahi kukosa hela. Wakubwa wenu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliponunuliwa ndege ya rais aina ya Gulfstream, na kauli iliyonukuliwa kutoka kwa Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, kwamba ndege itanunuliwa hata kama wananchi watakula majani. Kabla ya hapo ndege ya viongozi, ile Fokker, ilisajiliwa kwa herufi 5H-CCM. Ndege ya kodi ya Watanzania wote, jina la chama kimoja ubavuni! Huo ndio utamaduni tunaopambana nao.

Tangu 2016 zikaja ndege mpya za Air Tanzania moja baada ya nyingine, na mapokezi ya ngoma. Ndege zenyewe ziliwekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ikakodishwa. CAG ametuonyesha hasara ya shirika: Sh56.6 bilioni mwaka 2022/23, Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Hata sisi Kyela tuna kumbukumbu yetu. Uwanja wa Songwe ulipoanza kutumika Desemba 2012, Waziri wa Uchukuzi alikuwa mbunge wetu wenyewe, Dk Harrison Mwakyembe. Uwanja tukaupata, na tunashukuru. Swali letu ni dogo: katika miaka yote hiyo ya kununua vyuma, ni vijana wangapi wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa waliwekewa njia ya kufika kwenye kile kiti cha mbele?

Wenzetu Kenya walionyesha nguvu ya kusimama pamoja. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kupitia chama chao, wakidai pamoja na mengine michango ya mfuko wao wa akiba irejeshwe. Mahakama ikawaamuru warudi kazini, na wakarudi. Unaweza kukubaliana nao au kuwalaumu, abiria waliteseka kweli. Lakini taifa zima lilijua madai yao. Huku kwetu rubani wa bosi anateseka kimyakimya na tunajua habari zake msibani.

Tunachodai

Kwanza, mikopo ya elimu ya juu iwafikie wanaosomea urubani kwa kiwango kinacholingana na gharama halisi, kwa ahadi ya kutumikia nchi iliyoandikwa wazi.

Pili, mkataba wa kulipia kozi uwe na kikomo cha muda, gharama ithibitishwe kwa risiti, na deni lipungue kila mwezi mtu anaotumikia.

Tatu, siku za kukaa tayari zilipwe. Aliyeambiwa asisogee na simu yuko kazini, awe rubani, daktari, mlinzi au baharia wa meli pale Itungi.

Nne, nafasi za kurusha ndege za serikali zitangazwe hadharani, na mtoto wa Ngonga ashindane sawa na mtoto wa mkubwa.

Tano, kila rubani, hata wa ndege moja ya bosi mmoja, aweze kujiunga na chama cha wafanyakazi bila kutishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa haki hiyo tayari. Kinachokosekana ni wa kuisimamia.

Na wewe kamanda unayeota kuruka, usikate tamaa kwa kusoma haya. Ota, lakini kabla ya kusaini uliza: nalipwa nini mwezi ambao ndege haijaruka? Nikiugua leseni ikasimama, nani ananitunza? Nikiondoka, nadaiwa kiasi gani na kinapunguaje? Nina siku ngapi za mapumziko ambazo simu haiwezi kunifuata? Ndege ikiuzwa, napewa nini? Mwajiri anayekasirikia maswali hayo ameshakujibu.

Kijana wetu amesharudi Dar. Kabla ya kuondoka alipita kaburini kwa bibi, akakaa peke yake muda mrefu. Kisha simu ikaita, akaipokea akiwa bado amepiga magoti.

Hatutaki maisha ya namna hiyo kwa mtu yeyote anayefanya kazi halali, awe juu mawinguni au chini kwenye jaruba la mpunga.

 Hakuna kulala mpaka kieleweke!