Chemsha Bongo Shuleni: Bingwa Mmoja na Darasa Zima

Ni desturi ya shule zetu nyingi za msingi, hasa muhula unapokaribia kwisha au shule jirani inapoalikwa, kufanya mashindano ya kujibu maswali ambayo wote twayajua kwa jina la chemsha bongo. Wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika milima ya Usambara, iwe Soni, Mlalo, Mtae au Lushoto mjini penyewe, wasishangae wakiombwa na mwalimu mkuu kutunga maswali ishirini au thelathini ya siku hiyo. Kazi hiyo aghalabu hupewa mgeni kwa kuwa hudhaniwa kuwa nyepesi. Sisi twaihesabu miongoni mwa kazi nzito atakazokutana nazo mwalimu kijana, wala hatusemi hivyo kwa kumtisha.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaosema kwamba mashindano haya ni mambo ya kuiga, kwamba yametoka ng'ambo pamoja na redio na televisheni. Ni kweli kwamba namna ya timu mbili za watu wanne wanne, kengele, na pointi zinazojumlishwa papo hapo, ilipata umbo lake Marekani, ambako mashindano ya vyuo yaitwayo College Bowl yalianza kutangazwa redioni mwaka 1953. Uingereza iliyachukua na kuyaonyesha katika televisheni tangu 1962 kwa jina la University Challenge. Kwetu Afrika vyuo vikuu vilishindana kwa namna hiyo hiyo kuanzia mwaka 2007, katika mashindano yaliyoitwa kwanza Celtel Africa Challenge na baadaye Zain Africa Challenge, ambamo Mkenya John Sibi-Okumu ndiye aliyekuwa muulizaji. Lakini mchezo wenyewe wa kuulizana mbele ya watu hatukuuazima popote. Mtoto wa Kishambaa, kama mtoto wa Pwani, huulizwa vitendawili jikoni kabla hajajua shule ni nini.

Na hebu tuvitazame vitendawili hivyo kwa jicho la mwalimu. Mtegaji husema "Kitendawili!", na wote waliopo hujibu "Tega!" Hapo hapo kila aliyeitikia amekwisha kujitia katika mtihani, hakuna mtazamaji. Kisha hutajwa nyumba isiyo na mlango. Mwenye kufikiri hana haja ya kuwa amesoma mahali fulani. Ndani ya swali mna njia ya kuliendea jibu, naye huipapasa njia hiyo mpaka alione yai. Wakishindwa wote, mtegaji hudai mji. Wakimpa Mombo, atasema alikwenda Mombo, atausifu mji huo kidogo kwa maneno ya kuchekesha, kisha atatoa jibu. Aliyeshindwa amelipa, amecheka, na amefundishwa. Hakuna aliyetolewa nje ya duara, na kitendawili kifuatacho chaweza kuwa chake.

Sasa tulinganishe na yafanyikayo katika chemsha bongo ya shule. Tuseme yupo mwanafunzi wa kike wa darasa la tano katika kijiji kimoja cha juu ya Soni. Ana kumbukumbu njema, na mwalimu wake ameling'amua jambo hilo. Anatiwa katika timu ya watu wanne. Kwa majuma kadhaa watoto hao wanne hubaki baada ya vipindi wakikariri orodha: miji mikuu ya nchi, miaka ya vita, majina ya mito, majina ya viongozi. Siku ya mashindano anajibu maswali tisa, shule inashinda, anapewa madaftari na kalamu, na baba yake anapeleka habari sokoni. Mwaka ufuatao hali ni hiyo hiyo. Afikapo mwisho wa shule ya msingi, darasa lake limekwisha kuzoea. Mwalimu akiuliza jambo, wenzake sitini humgeukia yeye na kungoja. Wamefundishwa kazi moja tu katika mashindano, nayo ni kupiga makofi.

Tunakiri kwamba madaftari yale si kitu kidogo, na furaha ya siku ile si kitu kidogo. Yako mambo machache yanayoweza kuwaleta wazazi shuleni bila kuitwa kwa sababu ya mchango au utoro, na chemsha bongo ni mojawapo. Hata jina la michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, limeitaja taaluma pamoja na michezo, ingawa ukimwuliza mtoto atakwambia kwamba maana yake ni mpira wa miguu na netiboli. Kwa hiyo hatuko pamoja na wale ndugu zetu wanaotaka mashindano ya maswali yafutwe. Tunauliza tu: ni nini anachobaki nacho bingwa huyu, na ni nini wanachobaki nacho wale sitini?

Jibu kuhusu bingwa huonekana mapema, tena kwa uchungu. Anaingia kidato cha kwanza. Nyumbani alisema Kishambaa, katika shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Yule aliyejibu neno "usanisinuru" kabla muulizaji hajamaliza swali, sasa anaulizwa jambo lile lile kwa jina asilopata kulisikia. Karibu naye wameketi watoto waliotoka shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wao ndio wanaonyosha mikono. Tumewaona mabingwa wa namna hii wakinyamaza mwaka mzima, na walimu wao wapya wakiwahesabu kuwa ni wazito wa akili. Ubishi juu ya lugha ya kufundishia katika sekondari ni mrefu, nasi tuna upande wetu katika ubishi huo, lakini si wa leo. Jambo la leo ni hili: mtoto aliyekariri neno tu, neno lilipobadilika hakubakiwa na kitu. Aliyejua kwamba jani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, aliyekwisha kufunika jani kwa karatasi nyeusi na kuona lilivyogeuka, huyo anahitaji kujifunza jina jipya tu la kitu anachokifahamu. Naye ataumia, lakini atanyanyuka.

Basi ubora wa chemsha bongo umo katika swali, na swali limo mikononi mwa mwalimu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu mitihani kwa kupima uwezo wa mtu wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa muda uliowekwa. Ingelikuwa ajabu sisi tuuchukue mchezo wa watoto tuugeuze uwe mtihani wa namna ile ile, tena wenye kengele.

Watungaji hodari wa mashindano ya shule za Marekani wana mbinu moja tunayoipenda, na ambayo kwa kweli ni kitendawili kilichorefushwa. Hawaulizi kwa sentensi moja. Huanza na dalili ngumu, kisha dalili nyepesi zaidi, mpaka mwishoni karibu kila mtu aweze kujua. Anayefahamu kwa undani hujibu mapema. Tujaribu kwa kitu cha kwetu. Mmea huu mdogo, mwanasayansi Hermann Wendland aliueleza mwaka 1893 na kuupa jina la ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Huota katika miamba yenye kivuli ndani ya misitu ya milima yetu. Majani yake yana vinyweleo, na maua yake huwa ya rangi ya zambarau. Watu wa Ulaya na Marekani huupanda katika vyungu na kuuweka madirishani. Jibu ni Saintpaulia. Mtoto aliyekwenda msituni na mwalimu wake atajibu katika dalili ya pili au ya tatu, na atakuwa amemshinda kwa haki yule aliyekariri jina. Asiyejua kabisa naye amesikiliza sentensi nne zenye habari.

Swali hilo hilo lina funzo jingine. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa mimea wameihamishia Saintpaulia katika kundi la Streptocarpus, kwa hiyo jina la kitaalamu lililomo katika vitabu vya zamani limepitwa. Vivyo hivyo mtoto aliyefunzwa kwamba Tanzania ina mikoa 26 alikuwa sahihi mpaka mwaka 2012. Mikoa minne ikaongezwa mwaka huo, na Songwe ikaanzishwa mwaka 2016, ikawa 31. Mwalimu anayerithi daftari la maswali kutoka kwa mwenzake na kulitumia bila kulikagua atawanyima pointi watoto wenye jibu sahihi mbele ya wazazi wao. Twajua kwamba hutokea.

Historia nayo. Ukiuliza "Nani alikuwa mtawala wa kwanza wa Wakilindi?", mtoto atasema "Mbegha", na mambo yamekwisha. Uliza badala yake: wenyeji wa Usambara waliona faida gani kumpokea mgeni aliyetoka Ngulu akiwa hana chochote ila mbwa na silaha za kuwindia? Hapo mtoto atafikiri juu ya nguruwe-mwitu walioharibu mashamba, juu ya nyama iliyogawiwa kwa watu, juu ya Vuga na jinsi utawala unavyoanza. Jibu bado ni fupi, sekunde ishirini zatosha, lakini mtoto wa mkulima aliyekesha akilinda mahindi yake atalipata hata kama hakusoma ukurasa ule.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila swali jema lafaa kwa kengele. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na watu wakakataa kwa nguvu. Leo wako wakulima wengi katika milima hiyo hiyo wanaochimba matuta kwa hiari yao. Kwa nini? Swali hilo lina kazi nzito ya jembe ndani yake, lina shuruti, lina hofu ya watu juu ya ardhi yao, lina tofauti kati ya kuamriwa na kuamua. Ukilipigia kengele umeliua. Liache kwa majadiliano ya vikundi, na uwatume watoto wakawaulize babu na bibi zao kabla ya kuja darasani.

Kuhusu utaratibu wa mchezo tuna maoni machache. Darasa zima ligawanywe katika timu kwa madawati, wala timu ya wanne isiteuliwe kabla ya wiki ya mwisho. Na katika timu hizo kila mtoto awe na zamu yake ya kusimama, mwenye haya pamoja na msemaji. Mazoezi yafanywe ndani ya vipindi. Anayebaki shuleni mpaka saa kumi na moja ni yule asiyengojwa na ndoo ya maji, na katika milima hii, ambako ukungu huteremka mapema na njia ni ya mteremko, mara nyingi wasichana ndio wanaolazimika kuwahi nyumbani; tukifanya mazoezi jioni tumekwisha kuwatoa bila kuwaambia. Baada ya swali, mwalimu ahesabu moyoni mpaka tano kabla ya kumpokea yeyote. Kimya hicho huwaudhi watoto wepesi, nacho ndicho kinachowafaa wengi.

Tena watoto watunge maswali wenyewe. Kila dawati lilete maswali mawili juu ya mambo ya wiki ile, likiwa na jibu na sababu ya jibu. Mengi yatakuwa mabaya mwanzoni, ya kutaja tarehe na majina, kwa kuwa ndivyo sisi tulivyowauliza. Yasomwe hadharani, darasa liamue lipi linamfikirisha mtu na lipi linamtega bure. Na timu ikishindwa swali, ilipe mji kama ilivyo desturi. Itoe Mlalo au Mtae. Waliouliza wataje jambo moja la kweli kuhusu mahali hapo, kisha ndipo walifumbue jibu. Mwalimu awe na daftari dogo la kuandikia yale yaliyosemwa juu ya miji hiyo, kwani baada ya muhula mmoja atakuwa amekusanya habari za wilaya yake ambazo hazimo katika kitabu chochote cha kiada alichopewa.