Jua la Pembe Nne

Wazazi wenzangu, juma lililopita mjukuu wangu aliitwa chakula mara tatu, akajibu, "Babu, giza limenikuta!" Nje ulikuwa mchana kweupe. Nikaketi kando yake nitazame.

Mchezo wenyewe ni Minecraft, asili yake Uswidi. Humo kila kitu ni cha matofali. Hata jua lina pembe nne. Chini ya skrini ya kompyuta pamepangwa mioyo kumi, ndiyo uhai wa mchezaji, na mapaja kumi ya nyama, ndiyo shibe yake. (Alikuwa akimlisha mtu wake mkate, ilhali wali wake mwenyewe wapoa!) Siku nzima, mchana na usiku, ni dakika 20. Usiku mazimwi hutoka. Mioyo ikiisha, vyote alivyobeba humwagika.

"Mbona husimamishi?" Akicheza peke yake, husimama, akiwa na wenziwe, hausimami. Siku hiyo alikuwa na wenziwe, kwa hivyo hakusema uongo.

Basi, mama, kabla hujamnyang'anya, litazame jua lile. Likitua, mpe muda ajifungie nyumbani mwake. Likiwa juu, hana udhuru. Nami nilimwita mara ya nne lilipochomoza, akaja.