Dohani Nne za Battersea

Ukizitazama dohani nne nyeupe za kituo cha zamani cha umeme cha Battersea kutoka ng'ambo ya Mto Thames, jijini London, utaapa kwamba ni zile zile zilizokuwa zikitoa moshi wa makaa ya mawe. Sizo. Za zamani zilibomolewa kwa kuwa zege lake lilikwisha kuoza, na mpya zikakamilika mwaka 2017. Matofali yapatayo milioni 1.75 nayo yalifyatuliwa upya ili kuziba mapengo ya kuta.

Ndiyo maana hoja ya "uasili" hainishughulishi sana. Wanaoupinga mtindo wa kubakiza kuta za kiwanda na kupanga ofisi ndani huuona kama kumchuna marehemu na kumvika mgeni ngozi yake. Sawa, lakini marehemu huyu alikuwa katika hali gani? Kituo kiliacha kabisa kufua umeme mwaka 1983. Mwekezaji mmoja aliyetaka kukigeuza bustani ya michezo akakiezua paa ili kutoa mitambo, fedha zikamwishia mwaka 1989, na jengo likanyeshewa kwa miaka zaidi ya ishirini. Ofisi hazikufukuza boila; zilikuta shimo. Na kiwanda cha matairi cha Firestone, magharibi mwa jiji hilo hilo, hakikubahatika hata hivyo: Agosti 1980 uso wake uliangushwa wikiendi ya sikukuu, kabla sheria haijaamka.

Kwangu mimi, swali ni nani analipia ukuta, na nani anaingia. Kumbi za mitambo sasa ni maduka. Humo mtu hupita bure na kuziona kreni za kale juu ya kichwa chake. Chumba kimoja cha kuongozea mitambo ni baa. Lakini jumba la boila, moyo wenyewe wa kituo, ni ofisi za Apple, na dohani moja hupandwa kwa lifti yenye tiketi.

Mwaka 2017, halmashauri ya Wandsworth, inayosimamia eneo hilo, ilikubali nyumba za bei nafuu katika mradi mzima zipunguzwe kutoka 636 hadi 386, wawekezaji wakilalamikia gharama. Hakuna tofali lililopunguzwa, kwa sababu matofali yalikuwa na ulinzi wa sheria. Kibali kingine cha namna hii kikitolewa, nyumba ziandikwe katika masharti yale yale yanayotaja kuta, na zikabidhiwe kabla ofisi hazijapangishwa.