Ugonjwa Huanza Kuua Tunapouita wa Wenzetu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali hii; ameitungia insha na kutuzwa alama nzuri. Ajabu ni kwamba kila gonjwa jipya linapozuka, taifa zima hufanya kana kwamba halijapata kuisikia.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni maneno. Hata hivyo, nadiriki kusema kwamba mapuuza yanayolea magonjwa ya mlipuko husikika katika usemi wa watu kabla hayajaonekana hospitalini.

Tuutazame ukimwi. Madaktari wa Marekani waliandika habari zake kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Huo ndio wakati tuliopaswa kutia nywele maji. Badala yake tulisema ni ugonjwa wa Wazungu. Kisha wa madereva wa malori. Kisha wa makahaba na watu wa mijini. Huko Kagera, mpakani mwa Tanzania na Uganda, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichovuka mpaka kibiashara. Katika Nyanza wapo waliouona kuwa chira, yaani masaibu ya aliyevunja mwiko. Hata Kiswahili kilipotupa jina wazi, Upungufu wa Kinga Mwilini, wengi tulilikwepa na kusema tu "ugonjwa huu wa siku hizi".

Serikali nayo haikuwa na pupa. Palikuwa na hofu kwamba kuutaja ugonjwa kungewatorosha watalii. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wakimsikia rais wao, Yoweri Museveni, akiutaja hadharani tangu alipoingia madarakani mwaka 1986. Kwetu, Bunge lilipata waraka rasmi wa sera ya ukimwi mwaka 1997, na ilipofika Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa. Hiyo ni miaka 15 tangu mgonjwa wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1984 alikuwa amekwisha kubaleghe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba karibu watu 7 katika kila 100 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na virusi.

Katika miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwalimu wetu mmoja alianza kukonda, akawa haji shuleni, tukaambiwa amekwenda kwao kupumzika. Muhula uliofuata tulisomewa tangazo kwamba amefariki "baada ya kuugua kwa muda". Hadi leo sijui aliugua nini, na huenda haukuwa ukimwi. Ninalokumbuka ni kwamba darasa zima lilinyamaza, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulifunzwa kunyamaza katika umri uleule tuliohitaji mno kufunzwa kujikinga.

Tulipata mtihani wa pili. Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa dharura ya kimataifa. Sisi tukasema ni ugonjwa wa Wachina, ngozi nyeusi haiupati, jua letu litauua. Tarehe 26 Februari ndege iliyobeba abiria 239 kutoka China ilitua Nairobi, nao wakashauriwa wajitenge wenyewe kwa siku 14. Wananchi walipopiga kelele, mahakama ikaamuru safari hizo zisimamishwe. Kwa haki, serikali haikungoja miaka 15 mara hii: mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe. Wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Hata hivyo, wiki zile sita za kabla ya tarehe 13 Machi wengi wetu tulizimaliza kwa mizaha.

Wapo watakaosema kwamba kuonya mapema ni kuwatia watu kiwewe na kuharibu biashara. Hoja hii ina uzito, kwani uvumi nao hudhuru. Lakini tuitazame hesabu. Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila wiki, mmoja huwa 1,024 baada ya wiki 10. Katika wiki ya tatu wangali 8 tu, na anayeonya huonekana mzushi. Anayengoja hadi idadi imtishe amekwisha kuchelewa. Isitoshe, kiwewe huzaliwa na kutojua. Mtu aliyeelezwa jinsi ugonjwa unavyoambukizwa na jinsi ya kujikinga ana la kufanya. Aliyefichwa hubaki na uvumi tu.

Basi serikali haina budi kutaja idadi ya wagonjwa jinsi ilivyo, hata kama ni mmoja, na kueleza imejiandaa vipi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anapoficha mwenye mamlaka, wanaozikwa ni wengine.

Nanyi walimu wenzangu, habari za gonjwa geni zikisikika redioni, msingoje mtaala. Wacheni wanafunzi waulize: linaambukizwaje? Limefika wapi? Sisi tutafanya nini likifika? Nawe mwanafunzi, sikiliza jinsi watu wazima wanavyolizungumzia. Ukisikia "wao" kila mara na "sisi" hata mara moja husikii, jua kwamba hakuna aliyekwisha kujiandaa, kisha uliza kwa sauti lile swali ambalo darasa letu halikuthubutu kuliuliza.