Mkono Uushikao Mguu wa Gari: Spea Halisi au ya Kawaida?

Juma hili twaligeukia gari la nyumbani, ambalo kwa familia nyingi za hapa Pwani si anasa tena. Ndilo limpelekalo mtoto skuli na madrasa, limfikishalo bibi kliniki, na libebalo jamaa wote siku ya harusi.

Aghalabu mama ndiye wa kwanza kuisikia kasoro yake. Yeye ndiye alipitishaye gari juu ya matuta ya mtaani kila asubuhi, na siku moja husikia mgongo wa chuma, ko-ko-ko, chini ya miguu yake. Fundi hulitia gari jeki, akalitikisa gurudumu, kisha akatamka: “Mama, kontroli amu imekwisha. Wataka jenuini au ya kawaida?” Tofauti ya bei ni kubwa, na aulizwaye hana la kujibu ila, “Ngoja nimuulize baba watoto.” Kushauriana ni jambo jema, lakini mashauri hufaa pale wenye kushauriana wanapokijua wanachokizungumza.

Kontroli amu ni mkono wa chuma ulioko chini ya gari, unaoliunganisha gurudumu na mwili wa gari. Upande wa ndani umefungwa kwa bushi, nazo ni mipira iliyogandishwa na chuma ili kuumeza mshtuko wa barabara. Upande wa nje una boli jointi, kifundo cha mviringo mfano wa nyonga ya binadamu, kinachoachia gurudumu lipande, lishuke na kugeuka. Magari mengi madogo tuyatumiayo yana mkono mmoja tu wa chini kwa kila gurudumu la mbele, na kwa juu hushikwa na shoki na springi yake. Mpango huu hujulikana kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani, na kampuni ya Ford iliutia katika magari yake ya Consul na Zephyr kule Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni mpango mwepesi na wa gharama nafuu, lakini mkono ule wa chini hauna mwenzake wa kuusaidia. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu, na dereva hawezi tena kuliongoza gari. Kwa hiyo uamuzi huu haufanani na ule wa kuchagua zulia la gari au redio.

Sasa, madukani kuna namna nne za mkono huu. Ya kwanza ni spea halisi, iliyomo ndani ya boksi lenye jina la mtengenezaji wa gari. Ya pili ni ya viwanda vya spea vyenye sifa, ambavyo baadhi yao huwauzia hata watengenezaji wa magari wenyewe. Lemförder ya Ujerumani, kwa mfano, ni jina linalofahamika na wenye BMW na Mercedes-Benz. Na boli jointi za alama ya 555, za kampuni ya Sankei ya Japani, zinajulikana na mafundi wengi wa magari ya Kijapani. Ya tatu ni ile isiyo na jina la kueleweka, ambayo sifa yake pekee ni urahisi wa bei. Ya nne ni iliyotumika, iliyofunguliwa katika gari la Japani na kuletwa kwetu.

Twaona basi kwamba neno “ya kawaida” limebeba mambo mawili yaliyo mbalimbali. Spea ya kiwanda chenye sifa yaweza kukaribiana na ile halisi kwa uimara, na bei yake ikawa ya chini. Lakini spea isiyo na jina, hata iking’aa kwa rangi, huenda mpira wake ni laini kupita kiasi, au kifundo chake hakina grisi ya kutosha na kifuniko chake cha mpira hupasuka mapema. Kifuniko kikipasuka, mchanga na maji ya chumvi huingia, na kifundo huanza kujila chenyewe. Sisi wakaazi wa Pwani, ambao upepo wetu wenyewe una chumvi, twapaswa kulitazama jambo hili zaidi ya wengine.

Ile iliyotumika nayo ina hadhari yake. Chuma chake huenda kikawa chema, lakini mpira huzeeka kwa miaka hata kama gari halikwenda mbali. Isitoshe, sehemu za Japani zenye theluji hunyunyiziwa chumvi barabarani wakati wa baridi, nayo hula chuma kwa chini. Anunuaye namna hii na aupekue mkono kwa ndani penye maungio, kisha aminye mpira kwa kidole na kutafuta nyufa.

Kabla ya kutoa fedha, muulize fundi swali hili: kilichokwisha ni mkono mzima, au ni bushi, au ni boli jointi peke yake? Katika magari mengi bushi huweza kutolewa na kutiwa mpya kwa mashine ya kukandamiza, na katika baadhi yao boli jointi imefungwa kwa bolti na hubadilishwa peke yake. Mkono ulionyooka, usiokuwa na kutu ya kula chuma, hauna haja ya kutupwa. Ukilazimika kubana matumizi, bana hapo. Usibane katika boli jointi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkono mzuri ni shilingi 15,000, usio na jina ni shilingi 5,000, na ufundi pamoja na kupima alaimenti ni shilingi 3,000. Mzuri utakugharimu 18,000 kwa mara moja. Usio na jina utakugharimu 8,000, lakini ukiharibika na kubadilishwa hadi mara ya tatu, umeshatoa 24,000, mbali na tairi lililolika upande mmoja. Ndiyo maana wazee walisema cha rahisi ni ghali. Hata hivyo, asiyekuwa na 15,000 hana dhambi. Naye na aitafute ile ya kiwanda chenye sifa iliyo kati ya bei hizo mbili.

Kuna jambo ambalo hata spea halisi haliponi. Bolti za bushi za mpira zapasa kukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Fundi akizikaza gari likiwa limening’inia kwenye jeki, mpira hujipinda mara gari lishushwapo, na huchanika kabla ya wakati wake. Kisha lawama humwangukia muuza duka. Baada ya kazi, alaimenti ipimwe siku ile ile.

Na bandia zipo. Boksi lenye jina kubwa kwa bei ya kushangaza ni la kutiliwa shaka. Mpe muuzaji namba ya chesi ya gari lako ili apate namba kamili ya spea, dai risiti yenye jina la bidhaa, na uombe kurudishiwa spea kuukuu uione kwa macho yako. Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini bila ya risiti mnunuzi hana la kuonyesha.

Mwisho twawaelekea akina baba. Mkeo akikwambia kwamba gari linagonga, au usukani unavuta upande akanyagapo breki, usimjibu kwamba ni matuta tu. Yeye ndiye alijuaye gari lile kila siku, na waliokaa kiti cha nyuma ni watoto wenu nyote wawili. Lipelekeni gereji juma hili, kabla ya safari ya mwisho wa mwezi.