Kwa Nini Mtoto wa Kwashi Hupewa Maziwa Kidogo Kidogo



Kuna swali linalorudi katika vikundi vyetu, na juma hili tumeamua kulijibu kwa kirefu. Mama anampeleka hospitali mtoto aliyevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, hacheki, hataki kula. Anatazamia watamlisha vizuri, kwa kuwa kila mtu anasema ni njaa. Kumbe wanampa maziwa kidogo katika kikombe, halafu baada ya saa chache kidogo tena, usiku na mchana. Mama anaona kama wananyima mtoto wake. Wako wanaombeba mtoto na kurudi naye nyumbani ili wampe sahani nzima ya ugali. Wengine hawamrudishi tena akiwa hai.

Jibu la swali hili limelala ndani ya tumbo, katika kiungo ambacho wengi wetu hatukitaji kamwe. Ni kongosho. Waliosoma udaktari kwa Kifaransa hukiita pankreasi.

Kiungo kinachongoja kubishiwa hodi

Kongosho ni nyama laini iliyojificha nyuma ya tumbo, karibu na mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 15. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maji ya kumeng'enya chakula, karibu lita moja na nusu kwa siku kwa mtu mzima. Maji hayo hukata protini ya maharagi, mafuta ya mawese na wanga wa muhogo viwe vipande vidogo sana, ili utumbo uweze kuvipokea. Kazi ya pili ni kutengeneza insulini, ile inayosaidia sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini.

Maji ya kongosho ni makali. Yakitoka ovyo yanaweza kula kongosho lenyewe. Kwa hiyo seli zake humwaga kidogo tu mpaka zipate habari kwamba chakula kinakuja. Habari hiyo hufika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu. Mtoto akisikia harufu ya samaki wa Kasenyi au Tchomia jikoni, au akianza kutafuna, ubongo hutuma habari kwa mshipa mrefu uitwao vagasi, unaoshuka toka kichwani hadi tumboni. Miisho ya mishipa hiyo, ikifika karibu na seli za kongosho, hutoa kidogo sana cha kitu kinachoitwa asetilikolini. Huyo ndiye mjumbe wa mishipa.

Njia ya pili ni damu. Chakula kikiingia katika utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo wenyewe hutoa wajumbe wake, nao huitwa homoni. Protini na mafuta huamsha homoni ya kolesistokinini. Asidi inayotoka tumboni huamsha homoni ya sekretini, ambayo huagiza maji ya kupoza ukali wa asidi hiyo. Sekretini ndiyo homoni iliyogunduliwa kwanza. Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho likamwaga maji vilevile! Basi habari ilikuwa imepita katika damu. Mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha.

Umeme mlangoni mwa seli

Kila seli ya kongosho ni kama betri ndogo mno. Umeme wa ndani yake hauko sawa na wa nje. Nguvu yake ni ndogo sana kuliko ya betri moja ya tochi, lakini inatosha kwa kazi yake.

Asetilikolini na kolesistokinini haziingii ndani ya seli. Hubisha hodi mlangoni tu. Hodi ikisikika, kalsiamu iliyokuwa imefungiwa ndani ya seli hutoka katika ghala zake. Kalsiamu hiyo hufungua vijia vidogo upande wa mfereji, chumvi yenye umeme iitwayo kloridi hutoka, na umeme wa seli hubadilika papo hapo. Chumvi nyingine hufuata, na maji hufuata chumvi. Wakati huohuo vifuko vilivyojaa vimeng'enya husogea ukingoni, hufunguka na kumwaga vilivyomo. Yote haya huanza kabla mtoto hajamaliza sahani yake.

Seli za insulini zina namna yao. Kwao anayebisha hodi kwanza ni sukari yenyewe. Ikiingia na kuchomwa ndani ya seli, vijia vya potasiamu hufungwa, umeme hupanda, kalsiamu huingia kutoka nje, na insulini hutoka. Homoni za utumbo na wajumbe wa mishipa huongeza nguvu ya kazi hiyo.

Mgeni yuko mlangoni, ghala ni tupu

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Vile vifuko vya kongosho hujazwa vimeng'enya, na vimeng'enya hutengenezwa kwa protini. Je, mwili ambao kwa miezi umepata ugali wa muhogo peke yake utavijaza kwa nini?

Jibu lilipatikana si mbali nasi, ng'ambo ya Ziwa Albert, mjini Kampala. Pale Mulago daktari J. N. P. Davies alichunguza watoto waliokufa kwa kwashiorkor, akakuta seli zinazotengeneza maji ya kongosho zimenyauka. Aliandika habari hiyo mwaka 1948. Mwaka 1952 Margaret Thompson na Hugh Trowell wakaeleza walivyopima maji yaliyotoka katika utumbo wa watoto wagonjwa. Vimeng'enya vilikuwa vimepungua mno. Lakini watoto walipotibiwa kwa maziwa, vimeng'enya vilipanda tena.

Mtoto wa kwashi ni kama nyumba ambayo mgeni anabisha hodi na ndani hakuna cha kumkaribishia. Ukimletea sahani kubwa, chakula kinapita bila kumeng'enywa vizuri, na kuhara kunazidi. Wala si kongosho peke yake lililodhoofika. Moyo, ini na figo pia zimechoka, na mzigo mkubwa wa ghafla unaweza kumwua. Ndiyo sababu ya kikombe kidogo, mara nyingi. Maziwa yale yametengenezwa kwa kipimo, ili mwili uamke polepole. Siku chache zikipita, hamu ya kula inarudi, uvimbe unashuka, chakula kinaongezwa, na baadaye mtoto anapewa Plumpy'Nut, ile ya karanga, maziwa, sukari na mafuta. Mtoto aliyevimba kidogo tu na ambaye bado anakula vizuri, mara nyingi hutibiwa akiwa nyumbani. Anayepima ndiye anayeamua.

Tufanye nini

Tusiseme amerogwa. Tusiseme amenona. Wala tusimcheke mama yake, maana vita vimewatoa wengi wetu katika mashamba. Jina kwashiorkor lilitoka Ghana, katika lugha ya Waga, na daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Basi tumwangalie hasa yule aliyetoka titi karibuni, wa mwaka mmoja hadi mitatu.

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, ukihesabu polepole hadi tatu. Ukiondoa kidole na shimo likabaki miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje siku ya kupima kilo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe pia mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, naye apelekwe upesi.

Kwa watoto ambao bado ni wazima, uji wa muhogo usiende peke yake. Tia unga wa soya au karanga, samaki wadogo waliosagwa, maharagi yaliyopondwa, yai likipatikana. Nyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Kaa na mtoto anapokula, asikie harufu, atafune bila kuharakishwa. Hodi ile ya kwanza huanzia puani na mdomoni.

Na neno moja kwa vikundi. Mama anayetoka hospitali mapema, mara nyingi hakuwakataa waganga. Ana watoto wengine wanne nyumbani na hakuna wa kuwapikia. Mwenzetu akilazwa na mtoto, tupangiane zamu: mmoja apike kwake, mmoja achote maji, mmoja amfikie hospitali na kumwambia watoto wamelala wameshiba. Hapo atakaa mpaka kikombe cha mwisho.