Pimeni kwanza, ndo mtuagize spea

Wadau, nimerudi chuo na hasira. Likizo nilikuwa Tunduma, pikapu ya mzee inamisi vibaya. Mashine ikasoma P0351, fundi akasema koili ya silinda ya 1 imekufa. Mzee akanunua mpya kwa hela ya ada yangu. Ikaendelea kumisi!

Jamani, namba hiyo inataja saketi ya koili: waya na soketi vimo. Tukabadilishana koili ya 1 na ya 2. Ingekuwa koili mbovu, tungesoma P0352. Wapi! Tukapima soketi, volti 12 hazipo. Waya umekatikia ndani ya plastiki.

Sasa nadaiwa ada kwa kosa la waya. Fundi asiyepima anabahatisha kwa hela yako.